Viazi vya kipupwe kwenye kiroba: dalili, sababu na la kufanya

Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hukata mwezi Mei, na Juni inaingia baridi ya kulala na blanketi mbili. Kiazi mviringo kinaipenda hali hiyo. Hutunga vizuri udongo ukiwa na nyuzi joto 15 hadi 20, na udongo ukikaribia nyuzi 30 huacha kutunga kabisa. Kwa hiyo mwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba anaweza kupanda kwenye viroba kati ya katikati ya Machi na mwisho wa Aprili, akamalizia kwa kumwagilia, na kipupwe kikiwa kimekolea akachimba viazi vichanga, vile ambavyo ngozi yake inatoka kwa kidole gumba na havihitaji kisu.

Ninaulizwa sana kuhusu viroba hivi na majirani, na watu wa kanisani, na mashemeji. Karibu kila ninayemtembelea ananipokea na chupa ya dawa mkononi. Ombi langu kwa kila dalili iliyo hapa chini ni hili: kabla hujaenda duka la pembejeo, ingiza mkono kwenye udongo, kisha tazama mbegu ulikoitoa. Matatizo mengi ya Julai yaliingia kwenye kiroba siku ya kupanda.

"Wiki ya nne hii, hakuna kilichotoka"

Usiogope mapema. Kwenye baridi mbegu inaweza kuchukua wiki tatu, hata nne, kabla ya kutokeza. Ikipita hapo, fukua taratibu kwa vidole upande mmoja wa kiroba mpaka uione.

Ukiikuta ngumu, nzima, na macho yamefumba, ilikuwa bado imelala. Kiazi kilichochimbwa juzi hakioti hata ukikibembeleza. Aina nyingi hulala miezi miwili hadi mitatu baada ya kuvunwa. Shangi, inayopendwa sana Kenya, ni ya kipekee kwa kuamka haraka, pengine ndani ya mwezi. Mbegu yako iliyolala ifukie tena, itaota humo humo, ila mavuno yako yatachelewa. Msimu ujao tandaza mbegu kwenye kichanja mahali penye mwanga hafifu, si gizani, mpaka zitoe machipukizi mafupi manene ya sentimeta moja hadi mbili. Zinazochipulia gizani hutoa machipukizi marefu meupe yanayovunjika ukizigusa tu.

Ukiikuta laini, inanuka, imeoza, sababu ya kwanza ni maji. Inamisha kiroba utazame chini: matundu yapo? Hayajazibwa na udongo wa mfinyanzi? Viroba vya salfeti vinapitisha maji kidogo ubavuni, lakini kitako kikikaa kwenye sakafu ya saruji maji hutuama. Toboa matundu kumi na zaidi, unene wa kidole, na ukiinue kiroba juu ya mawe au vipande vya tofali. Sababu ya pili ni kukata mbegu vipande ili itoshe. Kwenye udongo baridi uliolowa, jeraha la kisu ni mlango wa kuozea. Kwa viroba vichache vya nyumbani sioni faida ya kukata. Panda mbegu nzima yenye ukubwa wa yai la kuku, mbili au tatu kwa kiroba kikubwa, basi.

Usipoikuta kabisa, tafuta panya au fuko.

"Mche ulikuwa mzima jana, leo umelala chini"

Ukiwa umekatwa usawa wa udongo kama kwa wembe, huyo ni sota. Chimbua sentimeta mbili tatu kuzunguka shina, utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja kama pete. Muue kwa mkono. Kwenye viroba sita au kumi huhitaji dawa kwa ajili yake, na mche mara nyingi huchipua upya kutoka chini.

"Majani yana mabaka"

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa sababu kila baka linaitwa ukungu, na kila ukungu unapewa dawa ile ile. Tazama baka liko wapi, likoje, na linakwenda kasi gani.

Majani ya chini kabisa yakigeuka manjano polepole, bila mabaka ya maji, na mmea una siku 70 au zaidi, huo ni uzee wa kawaida. Mmea unahamishia chakula chini. Acha.

Mabaka ya kahawia, makavu, yenye miduara ndani yake kama ya ubao wa shabaha, yakianzia majani ya zamani, ni bakajani tangulia. Mara nyingi hushika mmea uliochoka, wenye njaa au kiu. Chuma majani hayo, mwagilia kwa mpangilio, ongeza mboji. Mara chache huua mavuno ya kiroba.

Lakini ukiona mabaka ya kijani iliyokolea yanayoonekana kama yamechomwa na maji ya moto, yakigeuka meusi, pengine na shina nalo lina michirizi myeusi, amka alfajiri kabla umande haujakauka na ugeuze jani. Kama kuna utando mweupe mwembamba kuzunguka baka upande wa chini, hilo ni bakajani chelewa. Ukibaki na shaka, weka jani kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi ya chooni iliyoloweshwa, ufunge, uache usiku mmoja. Utando ukijitokeza asubuhi, una jibu. Huu ndio ugonjwa ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na Nyanda za Juu Kusini ni kwake nyumbani: unataka ubaridi, ukungu wa asubuhi na majani yasiyokauka. Mmea mzima unaweza kuwa mweusi ndani ya wiki moja.

La kufanya linategemea umri wa mmea. Ukiona baka moja mawili, na mmea bado mdogo, kata majani yaliyoshikwa, yatie kwenye mfuko, yafukie mbali na bustani. Usiyatupe kwenye lundo la mboji. Sogeza viroba viachane hatua moja, upepo upite. Acha kabisa kumwagilia juu ya majani; maji yaende kwenye udongo, tena asubuhi. Dawa za kukinga kama mankozebu husaidia zikipuliziwa kabla ugonjwa haujaingia au mwanzoni kabisa, hazifufui jani lililokufa. Kama mmea umepita siku 65 na zaidi ya robo ya majani imeshikwa, mimi sipulizii. Nakata mashina yote usawa wa udongo siku hiyo hiyo, nayaondoa, na nachimba viazi vilivyopo kwa kula mara moja. Ukitaka vikomae ngozi ili uvitunze, viache ardhini wiki mbili baada ya kukata, udongo ukiwa mkavu. Mashina yakibaki yamesimama, mvua au maji ya kumwagilia hushusha vimelea mpaka kwenye viazi, navyo huoza stoo.

Simama hapa: ukiamua kupulizia, soma kibandiko, hasa idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Viazi vichanga vinachimbwa mapema na vinaliwa na ngozi, kwa hiyo siku hizo zina uzito kuliko kwenye shamba kubwa. Vaa glavu, miwani, barakoa na nguo ndefu. Usipimie dawa kwa kijiko cha jikoni, usiihamishie kwenye chupa ya soda. Aliyepulizia akipata kizunguzungu, kutapika, jasho jingi au macho kufifia, mpeleke hospitali mara moja na uchukue chupa yenye kibandiko chake. Usimpe maziwa ukasubiri aone nafuu.

"Unanyauka mchana, na udongo una maji"

Mnyauko una sababu nne, na nyepesi ni mbili za kwanza. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kukiwa kukavu, ni kiu tu. Kiroba hukauka ubavuni haraka kuliko tuta, na jua la kipupwe linadanganya kwa sababu hewa ni baridi. Kukiwa na tope linalonuka, mizizi imekosa hewa. Rudi kwenye matundu ya chini. Udongo ukiwa wa wastani, vuta kidogo shina: likitoka kirahisi na mizizi imetafunwa, kuna funza weupe wa samadi mbichi. Mwaga kiroba, waokote.

Ya nne ndiyo inayonikosesha usingizi. Shina moja linanyauka mchana, linainuka usiku, siku ya tatu au ya nne haliinuki tena, na majani bado ni ya kijani. Fanya kipimo hiki kabla ya lolote. Kata kipande cha shina chenye urefu wa kidole, karibu na udongo. Kitundike kwa uzi kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa iguse maji, usiitikise. Subiri dakika chache. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa kutoka kwenye ncha, huo ni mnyauko bakteria. Ukikata kiazi chake utakuta pete ya kahawia ndani, na ukikibonyeza yanatoka majimaji meupe. Wakati mwingine udongo unang'ang'ania kwenye macho ya kiazi hata ukikiosha.

Hakuna dawa. Narudia kwa sababu utauziwa: hakuna dawa inayouponya. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mbegu kwa mtu niliyemwamini, nzuri za kutazama, na viroba saba kati ya kumi na viwili vikaenda hivyo. Kosa langu kubwa likafuata. Nilimwaga udongo ule kwenye kitalu cha nyanya. Nyanya, bilinganya, pilipili na hoho ni ndugu wa kiazi na vyote vinashikwa. Kitalu kile mpaka leo napanda mahindi na vitunguu.

Kwa hiyo ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, funga kiroba kizima na udongo wake, kipeleke mahali ambapo maji yake hayatiririki kwenda bustanini wala kwenye kisima. Osha jembe, kisu na viatu kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia. Usichukue mbegu kutoka kiroba chochote kilichokuwa jirani, hata kama kilionekana kizima, maana bakteria hawa husafiri ndani ya kiazi kisicho na dalili. Kipimo cha glasi kikionyesha maziwa kwenye viroba zaidi ya kimoja, au kama una shamba la viazi karibu, usiendelee peke yako. Mwite afisa ugani wa kata. Anajua jinsi ya kupeleka sampuli kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, na majirani zako wana haki ya kujua.

"Majani yameungua usiku mmoja"

Jioni yalikuwa ya kijani, asubuhi ni meusi na yanalegea kama mboga iliyochemshwa, hasa ya juu. Hiyo ni sakitu. Wengi huku tunaiita barafu. Inashuka usiku wa anga safi bila upepo, mwezi Juni na Julai, na bondeni huwa mbaya kuliko mlimani kwa sababu hewa baridi hutiririka chini kama maji. Makete na Kitulo wanaijua vizuri.

Usikate chochote siku hiyo. Subiri siku nne tano uone kama shina la chini lina uhai. Mmea mchanga mara nyingi huchipua tena. Ukiwa umepita siku 65, chimba. Viazi vilivyofunikwa na udongo vizuri havina neno.

Kinga ni rahisi, na hii ndiyo raha ya kiroba kuliko tuta: kinahamishika. Jioni yenye nyota nyingi, kisogeze kwenye ukuta wa tofali uliopigwa jua mchana, na ufunike mmea kwa gunia la katani au shuka kuukuu kabla jua halijazama, juu ya vijiti ili kitambaa kisilale kwenye majani. Funua asubuhi jua likitoka.

"Majani yamejikunja, mmea umedumaa"

Geuza jani. Ukiona wadudu wadogo wa kijani au weusi, laini, wamejazana, ni vidukari. Wapukute kwa vidole, au nyunyizia maji yenye sabuni kidogo ya kipande. Wenyewe hawaumizi kiasi hicho. Wanachobeba ndicho kinachoumiza.

Kama hakuna wadudu, na majani ya chini yamejikunja kuelekea juu, magumu, yanakwaruza kama karatasi, au yana madoa ya manjano na kijani yaliyochanganyika, mmea una virusi, na kwa kawaida ulizaliwa navyo. Ndiyo maana ya ule usemi wetu kwamba mbegu imechoka. Kila msimu ukirudia kupanda viazi vidogo vilivyobaki baada ya kula, unachagua bila kujua mimea iliyougua, maana ndiyo inayozaa vidogo. Mmea mmoja mwenye virusi ung'oe mapema. Viazi vyake vinalika, ila visiwe mbegu. Na angalau kila baada ya misimu mitatu tafuta mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa mbegu, au ya daraja la kuazimiwa ubora kutoka kwa mkulima aliyesajiliwa, za aina kama Asante, Sherekea au Meru. Bei yake inashtua. Kwa viroba kumi unahitaji mbegu 20 au 30 tu, kwa hiyo ni gharama ya kilo mbili hivi.

"Majani yamefika kiunoni, chini hakuna kitu"

Uliza kwanza ni siku ngapi. Wengi wanafukua siku ya 50 na kukata tamaa. Viazi vichanga huanza kufaa siku 70 hadi 90, na baridi kali inavuta zaidi. Subiri maua, kisha wiki mbili tatu. Aina nyingine hazitoi maua ya maana, kwa hiyo hesabu siku.

Sababu inayofuata ni kulishwa kupita kiasi. Urea na samadi ya kuku hujaza majani, hazijazi viazi. Sehemu moja ya udongo, nusu sehemu ya mboji au ya samadi iliyooza, na mbolea ya kupandia ya DAP kijiko kimoja cha chai kilichochanganywa vizuri chini ya mbegu, inatosha. Kisha tazama jua: kiroba kilicho chini ya mparachichi au upande wa kusini wa ukuta, ambao kipupwe haupati jua, kitarefuka tu. Saa sita za jua ndiyo kiasi cha chini.

Wapo pia wanaojaza udongo mpaka juu kabisa wakitarajia ghorofa za viazi. Aina nyingi hutungia karibu na ilipo mbegu, juu yake kidogo. Tunapandishia udongo mara mbili, mmea ukiwa na sentimeta 20 na tena baada ya wiki tatu, ili viazi visione jua na nondo asivifikie. Ukipata kilo mbili kwa kiroba, umevuna vizuri.

Walioko Tanga mjini au Dar wanaoniuliza swali hili huwa nawajibu kwa masikitiko kwamba tatizo ni joto la usiku, na hakuna mbolea inayolitibu. Viazi vitamu vitawafaa zaidi.

Yanayoonekana siku ya kuchimba

Magamba makavu kama ukurutu juu ya ngozi huchochewa mara nyingi na majivu. Tunapenda kuyamwaga kwenye bustani, lakini majivu na chokaa hupunguza uchachu wa udongo, na gamba hustawi hapo, hasa udongo ukikauka wakati viazi vinaanza kutunga. Menya, ule, na msimu ujao majivu yapeleke kwenye migomba.

Vilivyopasuka, au vyenye uwazi katikati, vilikaa na kiu kisha vikanyweshwa kwa pupa. Maji kidogo kila baada ya siku mbili au tatu ni bora kuliko ndoo nzima Jumamosi. Vyenye vijia vyembamba ndani na unga wa kinyesi cheusi kwenye macho vimeingiliwa na nondo wa viazi. Vitenge, usiviweke na vizima hata usiku mmoja.

Vya kijani vinahitaji neno zito. Ukijani wenyewe hauna madhara, lakini unaonyesha kwamba mwanga umekifikia kiazi, na mwanga huo huo huongeza sumu iitwayo solanini, ambayo kuchemsha na kukaanga hakuiondoi. Doa dogo la ngozi, kata kwa kina uondoe na sehemu nyeupe inayolizunguka. Kiazi kilichoenea ukijani, au kinachochoma ulimi kwa uchungu, usile, usimpe mtoto, usimpe ng'ombe. Aliyekula akaanza kutapika, kuharisha, kuumwa kichwa au kuchanganyikiwa apelekwe kituo cha afya.

"Nimechimba Jumapili, Ijumaa vimesinyaa"

Hilo si kosa lako. Ngozi ya kiazi kichanga bado nyororo na inapoteza maji upesi. Chimba cha kutosha siku mbili tatu tu: ingiza mkono ubavuni, toa vikubwa, rudisha udongo, uache vidogo viendelee. Usivioshe mpaka wakati wa kupika. Vifunike na gunia mahali penye giza na ubaridi, si kwenye nailoni. Na vile unavyotaka vya mbegu acha kiroba kimoja kizima, chenye mmea uliokuwa na afya tangu mwanzo, mpaka majani yakauke yenyewe na ngozi isitoke tena kwa kidole gumba.